Kiwele Kingali Kikingoja Chanjo

Mwaka 1796 tabibu wa Uingereza, Edward Jenner, alitwaa usaha wa kipele mkononi mwa msichana mkamuaji, aliyeambukizwa ndui ya ng'ombe, akamchanja nao mtoto. Hiyo ndiyo asili ya chanjo tuijuayo. Ni ajabu basi kwamba kiwele, kilichowapa wanadamu kinga, hata leo hakijapata kinga yake kamili.

Ugonjwa wa kiwele waujua kila mfugaji: kiwele huvimba na kupata moto, na maziwa hutoka mabonge. Lakini mbaya zaidi ni ule usioonekana, ambao ng'ombe hudhaniwa mzima huku maziwa yake yakipungua siku kwa siku.

Wako waulizao: ikiwa sotoka ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imefutika duniani, kwa chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, kwa nini kiwele kiwashinde wataalamu? Jibu ni kwamba sotoka ilikuwa adui mmoja. Kiwele kina maadui wengi: stafilokokasi, streptokokasi, E. koli na wengineo, kila mmoja na hila yake. Stafilokokasi hujificha ndani ya chembe za mwili zenyewe. Tena, chembe za damu zilizo askari wa mwili, ziingiapo katika maziwa, hushughulika kumeza mafuta, zikakosa nguvu ya kupigana.

Hata hivyo kazi haikulala. Marekani imetumia chanjo za E. koli tangu miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2009 chanjo ya E. koli na stafilokokasi kwa pamoja, na mwaka 2018 nyingine ya streptokokasi. Chanjo hizi hupunguza ukali wa ugonjwa. Hazizuii kila ambukizo.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwanza, mfugaji asidanganywe na mchuuzi amwambiaye kwamba sindano yatosha. Mikono isiyooshwa na zizi lenye tope hazina chanjo.

Pili, chanjo ile ya mwaka 2009 huhitaji sindano tatu kila ng'ombe azaapo. Mwenye kundi kubwa Ulaya aweza kuhesabu faida yake. Mwenye ng'ombe wawili Kilimanjaro au Kiambu atahesabu nini? Maabara zetu na zikusanye vijidudu vya viwele vya kwetu, zijue ni vipi vinavyotudhuru, ili chanjo itengenezwe kwa ajili yao.

Wasemao kwamba hayo ni gharama, tunawakumbusha gharama iliyopo sasa. Kiwele kiuguacho hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu. Maziwa yakiuzwa kabla ya siku zilizoamriwa kwisha, dawa hiyo huishia kikombeni mwa mtoto, na vijidudu hujifunza kuistahimili. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta huu tutaujenga sote, wenye ng'ombe na wasio nao.