Skani ya kitambulisho chako imelala kwa folda ya nani?

Umewahi kuingia saiba hapo Kitengela, ukapeana kitambulisho kiskaniwe, ukalipa ukatoka? Hebu nikuulize: ile picha ya kitambulisho ilibaki wapi?

Saiba nyingi zina mashine moja kule kona, mara nyingi ndiyo nzee kuliko zote, iliyobeba folda inayoitwa SCAN au DOCS. Skana inatupa kazi humo, wewe unaifungua ukiwa kompyuta namba nne, unaipandisha eCitizen au HELB, unaenda zako. Wewe umeondoka lakini folda haijaondoka. Nilipoacha chuo nilifanya kazi kwa saiba moja ya mtaa huu, na siku moja niliifungua hiyo folda nikitafuta CV ya mteja. Nilikuta vyeti vya KCSE, pini za KRA na vitambulisho pande zote mbili, vya watu waliokuja miaka miwili nyuma. Hakukuwa na neno la siri. Yeyote aliyekuwa kwa waifai ya pale angeweza kusoma. Kibaya zaidi, angeweza kuandika, na hapo kwa kuandika ndipo penye hadithi ya leo.

Ile mashine ya kona ikiwa ya Linux, programu inayogawa mafaili kwa karibu kila saiba na ofisi ndogo ni Samba. Haina uhusiano na ngoma ya Brazil. Aliyeianzisha, Andrew Tridgell wa Australia, alitafuta kwenye kamusi neno lenye herufi S, M na B, kwa sababu SMB ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kuombana mafaili. Hata vile visanduku vya kuhifadhi data ambavyo maofisi hununua, vingi ndani yake vimebeba Samba.

Sasa shika hapa. Kompyuta yako haiombi mafaili peke yake. Inauliza pia: una folda gani? Una printa gani? Huyu mtu unamjua? Maswali hayo yanapitia kitu kinachoitwa paipu yenye jina. Kompyuta inafungua sehemu maalum ya seva iitwayo IPC$, inataja jina la paipu, kisha inaandika swali na kusoma jibu kana kwamba ni faili. Paipu ya printa inaitwa spoolss. Ya kuorodhesha folda inaitwa srvsvc. Ni kama kwenda ofisi ya kaunti ukataja jina la dirisha: "nataka dirisha la leseni." Karani anakupeleka.

Swali ni moja tu: karani atafanya nini ukitaja dirisha asilolijua?

Samba ya zamani ilikuwa karani mwenye heshima kupita kiasi. Ikipewa jina la paipu isilolijua, ilienda kutafuta moduli yenye jina hilo kwenye diski yake iipakie. Lakini haikukagua jina lenyewe. Ukiandika jina lenye mkwaju, yaani njia kamili ya kufikia faili, Samba iliifuata hiyo njia na kuendesha chochote ilichokikuta. Kwa hivyo mdukuzi anaweka faili lake ndani ya folda ya SCAN, ile isiyo na neno la siri, kisha anaomba paipu ambayo jina lake ni njia ya lile faili. Seva inaliendesha yenyewe, tena kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Kwisha.

Kasoro hii ilikuwamo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010. Ilitangazwa na kuzibwa Mei 24, 2017, kwa nambari CVE-2017-7494. Siku 12 kabla yake, Mei 12, WannaCry ilikuwa imefunga kompyuta za Windows katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza, ikidai dola 300 kila mashine. Ndiyo maana watu wakaibandika hii ya Samba jina la SambaCry. Dawa yake, usicheke, ilikuwa mistari michache: jina la paipu likiwa na mkwaju, likatae. Miaka saba ya hatari iliondoka kwa swali moja ambalo hakuna aliyekumbuka kuuliza. Wadukuzi nao hawakulala. Ndani ya wiki chache walikuwa wanaitumia kuchimba sarafu ya Monero kwenye seva za watu, ambao waliona tu mashine imekuwa mzito.

Ungedhani somo liliingia. Julai 2021 ilikuwa zamu ya Windows, kwa hitilafu ya PrintNightmare: huduma ya printa ilikubali kupakia faili la mshambuliaji ikidhani ni programu ya kuendeshea printa. Halafu Oktoba 2023 Samba ikarudi palepale, CVE-2023-3961. Kuanzia toleo la 4.16 ombi la paipu lilikuwa likielekezwa kwa soketi zilizo ndani ya folda ya siri ya seva. Mtu akiandika nukta mbili na mkwaju ndani ya jina, anatoka nje ya folda hiyo na kugonga soketi za huduma nyingine. Jina la paipu tena, jamani! Sisemi waandishi wa Samba ni wazembe. Wanafanya kazi ngumu, na kiraka walikitoa. Lakini inaonyesha kuwa hatari huwa haipo kwa faili unaloliona. Iko kwa yale maombi madogo yasiyoonekana na mtu.

Kwa nini nakuambia haya wewe wa Kitengela, Kajiado mjini au Magadi? Kwa sababu kila huduma sasa inaishia kwa skani. Serikali iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kila wadi. Kaunti yetu ina wadi 25. Kila kituo kitahitaji printa na folda ya pamoja. Nimesikia hotuba nyingi kuhusu kompyuta na waifai ya bure, lakini sijasikia hata moja ikisema nani atakuwa akiweka viraka baada ya utepe kukatwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika data yako ailinde, na faini inaweza kufika milioni 5. Kwa mwenye saiba ya kompyuta sita hiyo ni hadithi ya Hekaya, hivyo hata hajisumbui.

Kama wewe ndiye fundi wa pale, kazi ni ya alasiri moja. Andika smbd -V uone toleo, kisha usasishe mfumo. Usihukumu kwa nambari pekee, maana Ubuntu na Debian huziba kasoro bila kubadilisha nambari kubwa. Toa ruhusa ya wageni kuandika. Tenga waifai ya wateja na mashine za kazi. Hakikisha mlango 445 haufunguki kwa intaneti kwenye ruta. Mashine isiyoweza kusasishwa, kuna mstari wa kuongeza kwenye smb.conf, nt pipe support = no, ingawa kompyuta za Windows zinaweza kukosa huduma kadhaa. Na folda ya SCAN ijifute kila usiku.

Na usijaribu haya kwa seva ya mwenyewe bila ruhusa. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inakupa faini ya hadi milioni 5 au miaka mitatu ndani, au vyote viwili.

Kama wewe ni mteja tu, uliza kabla ya kulipa: folda ya skani hufutwa lini? Ukijibiwa "folda gani hiyo, msee?", rudisha kitambulisho mfukoni, kipige picha kwa simu yako, ukatume kutoka nyumbani.