Pengo, Taya na Picha

Ndugu zetu katika imani, kuziba pengo si lazima kuwe kiburi. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani, akavaa ya fedha, ikamtolea harufu, Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu. Wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa hoja katika meno pia.

Leo jino hupandikizwa kwa kutia skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya. Eksirei ya kawaida huonyesha kimo cha mfupa, si unene wake. Picha ya kompyuta ya pande tatu huonyesha vyote viwili, pamoja na njia ya mshipa wa fahamu katika taya la chini. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo waweza kufa ganzi, pengine daima.

Basi mzee wetu wa Tanga, Pangani au Muheza anayekusanya fedha za matibabu hayo, na amuulize tabibu kwanza: "Mfupa wangu umepimwa kwa picha gani?" Pengo likikaa miaka mingi, mfupa hupungua. Picha ina gharama, na huenda ikahitaji safari. Lakini mwili ni amana, na taya likishatobolewa halirudi lilivyokuwa.

Wallahu a'lam.