Kioo kinajitaja, mbona draiva haisikii?

Haya wasomaji, leo sina upole.

Juzi fundi mmoja hapa Kitengela aliniletea kisanduku cha kuonyesha bei dukani. Kioo kilikuwa kimepasuka, akanunua kingine Luthuli Avenue, Nairobi: inchi zilezile 15.6, soketi ileile ya pini 30. Akafunga, akawasha. Giza! Waliomuuzia mwenye duka (sitawataja) wakamjibu: nunua kisanduku kipya.

Nikachomeka kioo hicho kwenye laptopu kuukuu yenye Linux. Kikawaka palepale. Nikasoma faili lake la edid chini ya /sys/class/drm.

EDID ni kitambulisho cha skrini. VESA waliitoa mwaka 1994, na sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu. Ndani mna herufi 3 za mtengenezaji, namba ya modeli, ukubwa kwa sentimita, na kuanzia baiti ya 54, vipimo kamili vya picha. Hiki kilisema 1920 kwa 1080. Kisha nikaunganisha waya wa siriali kwenye kisanduku nione kinavyowaka. Draiva inaweka 1366 kwa 768, vipimo vya kioo cha zamani, bila kuuliza chochote!

Jamani, waandishi wa draiva wenzangu, huu ni uvivu.

Najua visingizio. Cha kwanza: "kusoma kunachelewesha kuwaka." Piga hesabu. Kwenye I2C ya kHz 100, baiti 128 ni kama milisekunde 12. Nani ataona?

Cha pili: "EDID hudanganya." Kweli, nyingine hudanganya. Ndiyo maana baiti ya mwisho imewekwa ili jumla ya zote 128 igawanyike kwa 256 bila baki. Jumla ikikataa, soma tena. Ikikataa tena, hapo ndipo utumie vipimo vyako vya akiba. Kerneli ya Linux ina orodha nzima ya skrini zenye kasoro, na bado inasoma kwanza.

Cha tatu kina uzito: paneli nyingi za LVDS hazina EDID kabisa. Sawa. Basi weka vipimo kwenye faili ambalo fundi anaweza kulibadilisha. Usivizike ndani ya programu iliyofungwa.

Huku kwetu, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, kioo hubadilishwa na fundi wa kibandani kwa kile alichopata sokoni siku hiyo. Ukigandisha vipimo vya paneli moja, umeshaamua kwamba kioo kikipasuka, bodi nzima itupwe. Na anayelipa si wewe.

Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa pesa uliza: nikibadilisha kioo, kitawaka? Muuzaji akianza kugugumia, rudi nyumbani na pesa zako.