Udi Wangu Ulikuwaje?

Mwaka jana nilialikwa arusi moja hapa Mombasa, na mpiga udi wa usiku ule alikuwa mtu asiyeona. Kabla hajagusa hata uzi mmoja, aliyekuwa akiendesha shughuli alisimama akatuhimiza tumtunze, kwani "maskini wa Mungu, haoni, lakini apiga." Noti zikaanza kummiminikia mapajani. Waama tuliutunza upofu, si udi. Usiku ulipokwisha, mwenye arusi akampa ujira pungufu ya ule walioagana, akidai kwamba zile noti zimefidia.

Nami nilikosa kuliko wao. Siku ya tatu yake niliandika habari zake na sikubakisha sifa: ingawa haoni ana subira, ingawa haoni ana moyo. Nilidhani nimemfanyia hisani. Tulipokutana msikitini baada ya Alasiri, aliniamkia kwa adabu zake zote, kisha akaniuliza: "Ustadh, nimesomewa maneno yako, Mungu akulipe. Lakini udi wangu ulikuwaje?"

Sikuwa na jawabu.

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiri Sayed Mekawy wa Misri, aliyezaliwa Kairo mwaka 1928 na kufariki mwaka 1997. Wapenzi wa taarabu wa rika langu wanamjua hata kama jina lake limewatoka, maana ndiye aliyemtilia Umm Kulthum muziki wa "Ya Msaharni" mwaka 1972. Mekawy alipoteza macho yake utotoni, akahifadhi Kurani, kisha akaingia katika udi. Lakini je, Umm Kulthum, mwanamke aliyekuwa mgumu wa kuridhika kwa wapigaji na watunzi wake, alimpa kazi ile kwa kumhurumia? Hasha! Aliutaka muziki wake.

Yupo pia Mekawy wa mwezi wa Ramadhani. Katika "Al-Mesaharati" anaigiza yule mtu anayepita mitaani kuamsha watu kula daku, kama tulivyozoea kuamshwa sisi huku pwani. Mashairi ni ya Fuad Haddad. Mekawy aliviacha vyombo vyote, akabaki na sauti yake na kijingoma kimoja tu. Na katika "Al-Leila al-Kabira", mchezo wa vinyago wenye mashairi ya Salah Jahin, aliupa sauti usiku mzima wa maulidi: wachuuzi, watoto, makelele ya uwanjani. Sisi wenye macho tumekwenda maulidi ya Lamu mara ngapi, na ni nani kati yetu aliyerudi na sauti zote zile?

Nimtaje na Sheikh Muhammad Rifat, ingawa msomaji wa Kurani si mwimbaji na sitaki kuwachanganya. Yeye pia hakuwa na macho tangu udogo. Redio ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, ndiye aliyeifungua, kwa Surat al-Fat'h. Wanaomsikiliza hadi leo huzungumza juu ya pumzi zake na namna anavyoipandisha aya na kuiteremsha. Upofu wake hutajwa mwisho, au hausemwi kabisa.

Nasi tuliosoma chuoni tuna hoja gani? Tumeihifadhi Surat Abasa tukiwa watoto, na tunajua iliteremka kwa ajili ya nani. Abdallah bin Ummi Maktum hakupewa sadaka tu akaambiwa akae pembeni. Alipewa adhana, na Mtume (S.A.W.) alipotoka safari alimwachia Madina zaidi ya mara moja. Hiyo ni kazi, tena ya amana.

Najua watasema wengine kuwa huruma si dhambi. Si dhambi, lakini imekuwa njia ya kudhulumu. Fundi akishaitwa maskini, haulizwi bei yake, hasahihishwi anapokosea, wala hashindanishwi na wenziwe. Basi atajuaje kuwa amewapita?

Swali lake bado nalidaiwa, na leo nalijibu hapa hapa nilipolikwepa. Mkono wake wa kulia ni mwepesi kuliko wa mpigaji mwingine yeyote niliyemsikia mjini miaka hii, na taksimu ya kufungulia ilinisimamisha nywele. Katika wimbo wa pili uzi wa chini ulikuwa umelegea, naye hakuukaza hadi wimbo ulipokwisha. Niliusikia siku ile ile, nikaona haya kuuandika.