Hitler Hakuchaguliwa, Alikabidhiwa

Kwenye semina yetu ya uzamili kuna sentensi moja inayofunga kila mjadala kuhusu demokrasia. Ukisema wananchi waachwe waamue mambo yao, hakosi mtu wa kuegemea kiti na kukujibu: "Hata Hitler alichaguliwa na wananchi." Basi, darasa zima kimya. Ujumbe umefika: watu wengi ni wajinga, madaraka yabaki kwa wenye akili. Wenye akili, bila shaka, ni sisi.

Nimeichoka sentensi hiyo. Tena nina deni, maana nikiwa shahada ya kwanza niliiandika mwenyewe kwenye insha, nikapewa alama nzuri. Leo nalipa.

Tuanze na hesabu. Aprili 1932, kwenye duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Hitler alipata chini ya asilimia 37. Paul von Hindenburg, jemadari mstaafu, alimshinda kwa asilimia 53. Julai mwaka huohuo chama cha Nazi kilipata asilimia 37.3 ya kura za Bunge. Kikawa chama kikubwa kuliko vyote, lakini hakikufika nusu. Novemba kikashuka hadi asilimia 33.1, kikapoteza kura zipatazo milioni mbili. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Januari 1933, Hindenburg akamteua Hitler kuwa Chansela. Chama kilikuwa kinashuka, mwenyewe akapandishwa.

Nani alimshawishi mzee huyo wa miaka 85? Mstari wa mbele alikuwa Franz von Papen, aliyewahi kuwa Chansela, akiwa na wahafidhina wenzake. Hawa hawakuwa watu wa mtaani wasiojua kusoma. Walikuwa watu wa ukoo na vyeo, walioichukia jamhuri na kuwaogopa wafanyakazi. Walitaka umati wa Hitler uwabebe wao. Kwenye baraza la mawaziri Wanazi walipewa nafasi tatu tu, ikiwemo ya Hitler mwenyewe, na Papen akawa naibu wake. Walidhani wamemfunga kamba.

Mlango wenyewe walikuwa wameshaulegeza. Tangu 1930 serikali zilitawala kwa amri za rais, kwa kutumia Ibara ya 48 ya katiba, na Bunge likazoea kupitwa.

Siwasafishi wapiga kura. Kura zaidi ya milioni 11 za Novemba si mzaha, hata kama mapema mwaka ule watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Waliozipiga walijua chama hicho kinawachukia Wayahudi, kwa sababu hakikuficha. Lakini theluthi moja haiwezi kuitwa "wananchi", tukawasahau wale theluthi mbili. Chama cha SPD na Wakomunisti, wakijumlishwa, walikuwa na viti 221 dhidi ya 196 vya Wanazi. Ila viongozi wa Wakomunisti waliwaita wenzao wa SPD mafashisti wa kijamii. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hata uchaguzi wa Machi 1933, uliofanyika baada ya jengo la Bunge kuungua na Wakomunisti kukamatwa kwa maelfu, uliwapa Wanazi asilimia 43.9. Pamoja na vitisho vyote hivyo, nusu hawakuifikia. Nusu iliyobaki wakaipata kwa waheshimiwa. Tarehe 23 Machi wabunge walikutana kwenye jumba la opera la Kroll, wanamgambo wa SA wakiwa mle ndani, wakaipigia kura sheria ya kuiruhusu serikali kutunga sheria bila Bunge. Waliokubali walikuwa 444. Waliokataa walikuwa 94, wote wa SPD. Wakomunisti hawakuwemo: wengine walikuwa kizuizini, wengine mafichoni. Chama cha Kati cha Wakatoliki kilisema ndiyo. Julai kikajivunja chenyewe.

Na Papen? Mahakama ya Nuremberg ilimwachia huru mwaka 1946. Mahakama ya Kijerumani ikamfunga baadaye, akatoka 1949, akaishi hadi 1969.

Ndiyo maana sentensi ile inaniudhi. Inamtwisha fundi asiye na kazi wa Hamburg mzigo wote, na kumwacha bwana mwenye koti zuri aondoke bila kuulizwa. Sisi tunaoirudia ni wasomi, na kesho wengi wetu tutakuwa washauri, makatibu, watu wa kunong'ona masikioni mwa wakubwa. Tungependa sana kuamini kwamba hatari iko chini, kwenye foleni ya kura.

Safari ijayo mtu akiegemea kiti na kuitamka, sitanyamaza. Nitamuuliza: funguo alikuwa nazo nani?