FUNDI WA MBALI NAYE APIGE HODI

Ni ada ya visiwa vyetu kwamba mgeni haingii nyumbani mwa mtu mpaka apige hodi na aitikiwe karibu. Siku hizi yuko mgeni ambaye hatumwoni kizingitini. Naye ni fundi wa kompyuta aliyepewa kazi kwa mkataba, akaaye ng'ambo ya bahari, na ambaye huifikia kanzidata ya ofisi kwa njia ya faragha iliyopitishwa ndani ya intaneti.

Hatuipingi njia hiyo. Yapitayo humo hufungwa kwa fumbo, asiyehusika asiweze kuyasoma. Na fundi huweza kuondoa kasoro bila ya kungojea boti wala kulipwa posho ya safari. Kwa watu wa visiwani faida hiyo si ndogo.

Lakini njia ya faragha huilinda safari tu, haimjui msafiri. Aushikaye ufunguo, awe fundi au mwizi, hupita. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kulifunga bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa, na ikawalipa wahalifu kiasi cha dola milioni 4.4. Wahalifu hao waliingia kwa njia ya namna hii hii, kwa jina la mtumiaji ambalo halikuwa likitumika tena, lakini halikufutwa. Neno moja la siri liliwatosha. Uthibitisho wa pili haukuwekwa.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa ofisi zetu bila ya kificho: kila fundi apewe ufunguo wake mwenyewe, usiwe mmoja wa kuchangia watu kumi, athibitishwe mara mbili, afunguliwe sehemu ya kazi yake tu, kwa saa zilizokubaliwa, kila alitendalo liandikwe, na mkataba ukiisha, ufunguo ufutwe siku hiyo hiyo. Haya yanataka, kabla ya fedha, mtu mmoja ofisini mwenye dhamana, ambaye jina lake linajulikana.

Yaliyomo katika kanzidata hizo si mali ya mkuu wa ofisi wala ya fundi. Ni hati ya shamba la mjane, ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ni pensheni ya mzee aliyelitumikia taifa. Ni amana ya wananchi. Na aliyekabidhiwa amana hana budi kujua nani ameingia, ameingia lini, na kama ametoka.