Mtoto wa Garissa na Lugha ya Skuli

Safari yangu ya mwisho ya Garissa, kwa njia ya Garsen na Hola, nilifikia kwa maalim mmoja wa duksi. Duksi ndiyo chuo cha Kurani kwa Wasomali, na mambo yake si mageni kwetu: watoto wamekaa chini, mbao mapajani, wino wa makaa, sauti zote kwa pamoja. Lakini nilipotega sikio niliona jambo. Herufi ni za Kiarabu, ila irabu zatajwa kwa Kisomali. Wenyewe husema mpango huo uliwekwa na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, karne nyingi zilizopita, ili mtoto aifikie lugha asiyoijua kwa kupandia ile aijuayo.

Asubuhi yake tulikwenda skuli moja ya msingi, sitaitaja. Kijana wa darasa la kwanza, ambaye jana nilimsikia akisoma Amma bila kukwama, leo yu kimya kama maji ya mtungini. Mwalimu asema Kiingereza. Akiona hawaelewi, ageukia Kiswahili, nacho mtoto hana. Simlaumu mwalimu, katoka mbali.

"Maalim, huyu si ndiye aliyekuwa simba jana?" nikauliza.

"Ndiye, sheikh. Jana alisomeshwa kwa lugha ya mama yake."

Sisi watu wa pwani yafaa tulielewe jambo hili kuliko wengine. Mimi nilipokuwa mdogo nilikatwa alama kwa kuandika "ndia" na "ndoo", maneno ya nyumbani kwetu Mvita, kwa kuwa vitabu vyataka "njia" na "njoo". Niliona uchungu mpaka leo, na hiyo ilikuwa herufi moja tu! Huyu wa Garissa ameachishwa lugha nzima.

Wala hatuombi jambo jipya. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976 ilisema madarasa matatu ya kwanza yasomeshwe kwa lugha ya mahali, na Katiba ya 2010 yataka lugha za wenyeji ziendelezwe. Kisomali kina maandishi yake rasmi ya herufi za Kilatini tangu 1972, Somalia ilipoyapitisha na kuchapa vitabu vya skuli. Na ushairi! Mtu aliyeonja tungo za Sayyid Muhammad Abdille Hassan, jinsi sauti moja inavyorudi mshororo baada ya mshororo, hawezi kuniambia lugha ile ni changa.

Wako wanaohofu kwamba Kisomali skulini kitafufua mambo ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Na watazame Paraguay. Katiba yao ya 1992 iliifanya Kiguarani lugha rasmi pamoja na Kihispania, ikaamuru mtoto aanze masomo kwa lugha ya kwao. Nchi haikukatika vipande.

Ugumu upo, sikatai. Kandokando ya Mto Tana wako Wamunyoyaya na Wamalakote, na Kisomali si chao. Kuwalazimisha itakuwa kuhamisha dhuluma kutoka mlango huu hadi ule. Nao walimu ni haba. Baada ya abiria 28 wa basi kuuawa Mandera Novemba 2014, walimu wakiwa miongoni mwao, na watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu wengi wa kutoka bara waliomba uhamisho, na nani atawalaumu? Basi wasomeshwe ualimu vijana wa huko huko, nao wapewe vitabu vya lugha zao. Kiswahili na Kiingereza vitakuja, tena vitaingia vizuri zaidi.

Jioni nilirudi duksi kuaga. Nikajaribu kutaja irabu kwa Kisomali. Yule kijana wa kimya akanisahihisha mara tatu mbele ya wenziwe, kwa sauti ya juu, wakacheka wote mpaka maalim akagonga ubao.